Mkanda wa jeshi haungoji, hasa kwa anayemeza prednisoloni

Mhariri,

Mgonjwa wa lupasi au baridi yabisi, magonjwa ambayo kinga ya mwili humshambulia mwenyewe, akitokwa na malengelenge ubavuni, mtaani husemwa mawili: ama karogwa, ama ana "ule ugonjwa". Naye kwa aibu huvaa shati pana, hununua tyubu ya kupaka, na siku tatu ambazo dawa ingemfaa zaidi zinampita.

Mkanda wa jeshi hutokana na virusi vile vile vya tetekuwanga ya utotoni. Ukipona, haviondoki; hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, vikizuiwa na kinga ya mwili. Kinga ikilegea, hushuka na mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ni kweli VVU huilegeza, na kupima ni busara. Lakini umri mkubwa nao huilegeza, na vivyo hivyo prednisoloni, methotreksati na azathioprini, yaani dawa zile zile apewazo mtu ambaye kinga yake inamshambulia mwenyewe.

Maumivu hutangulia. Kwa siku moja hadi tano ngozi huwaka na kuchoma kama sindano, hata nguo ikigusa tu inauma, na hakuna kinachoonekana. Wapo wanaotibiwa kichomi bure. Kisha hutokea wekundu na vishada vya malengelenge, kuanzia mgongoni, vikizunguka ubavu na kukomea katikati ya kifua bila kuvuka. Wekundu wa lupasi mashavuni hukaa pande zote mbili na kwa kawaida hauna maji. Malengelenge yakizagaa mwili mzima pamoja na vidonda mdomoni baada ya kuanza dawa mpya, hiyo ni dharura nyingine: hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa ni asaikloviri ya vidonge, miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku 7 hadi 10, ianze ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Hapa ndipo watu wanapokosea. Vidonge vingi ni vya miligramu 200, hivyo dozi moja ni vidonge vinne. Anayemeza kimoja kimoja anapata robo ya dozi. Ya kupaka haitoshi. Mwenye kinga dhaifu, hata saa 72 zikipita, aende tu, maana malengelenge mapya yakiendelea kutoka dawa bado ina kazi. Na kwa kuwa lupasi hupenda kushambulia figo, amweleze daktari hali ya figo zake, kwani dozi huenda ikapunguzwa.

Prednisoloni isiachwe ghafla. Ukiitumia muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo hulala, na ukiikata shinikizo la damu linaweza kuanguka vibaya. Methotreksati daktari anaweza kuisimamisha kwa muda. Uamuzi ni wake. Kotrimoksazoli, antibayotiki ambayo wengi hununua kila waonapo kidonda, isichanganywe kamwe na methotreksati: kwa pamoja huharibu uboho unaotengeneza damu. Kwa maumivu, paracetamol ni salama kuliko diklofenaki.

Lengelenge kwenye ncha ya pua ni onyo kwamba jicho limo hatarini, hata kama bado linaona vizuri. Maumivu ya sikio na mdomo kwenda upande, malengelenge kutapakaa mbali na mkanda, au homa na kuchanganyikiwa, yote hayo yanahitaji hospitali, na pengine dawa ya kuchomwa kwenye mshipa.

Malengelenge yasipasuliwe wala kupakwa majivu, spiriti au dawa ya meno. Yafunikwe kwa kitambaa safi hadi yakauke yote, kwa sababu maji yake huweza kumpa tetekuwanga mtoto mchanga au mjamzito ambaye hajawahi kuugua.

Ombi letu ni kwa wauza dawa. Kabla ya kumpa mtu tyubu ya betamethasoni, dawa ya kupaka inayopunguza kinga ya ngozi, muulizeni mambo mawili tu: upele uko upande mmoja au pande zote? Na nyumbani unameza dawa gani?

Wafamasia,
Morogoro