Silsila zetu zisomwe mpaka jina la mwisho

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu ili nijibu barua ya msomaji mwenzangu mliyoichapisha hivi karibuni, ambamo alidai kwamba twarika, yaani njia za Kisufi, zilizoko Bukavu, Uvira na Kasongo huku mashariki ya Kongo ni vikundi vilivyozuka juzi, visivyo na asili inayojulikana, na kwamba wingi wa matawi yake ni dalili tosha ya mfarakano. Mimi ni muridi, yaani mfuasi, wa twarika ya Qadiriya tangu ujana wangu, na barua ile iliniuma. Hata hivyo nakubaliana na mwandishi wake katika jambo moja, nalo ni kwamba asili ya twarika haina budi kuonyeshwa kwa majina. Majina hayo yapo, isipokuwa sisi wenyewe tumezoea kuyasoma nusu.

Silsila ya Qadiriya, yaani mnyororo wa mashekhe waliopokezana njia hii, inaanzia kwa Mtume Muhammad (s.a.w.), inapita kwa Sayyidna Ali bin Abi Talib, kwa Hasan al-Basri aliyefariki Basra mwaka 728, kwa Habib al-Ajami, kwa Daud at-Tai, kwa Maaruf al-Karkhi, kwa Sari as-Saqati, kwa Junaid wa Baghdad aliyefariki mwaka 910, kwa Abubakar ash-Shibli, na kwa mashekhe wengine kadhaa hadi kumfikia Abu Said al-Mukharrimi, ambaye ndiye aliyemvisha khirka, vazi la kukabidhiwa njia, Sheikh Abdulqadir Jilani ambaye Qadiriya inaitwa kwa jina lake. Kwa Maaruf al-Karkhi inaungana na njia ya pili, ile ya Ahlul Bait, watu wa nyumba ya Mtume, kwa sababu yeye anatajwa pia kuwa alichukua kwa Imamu Ali ar-Ridha, naye kwa baba yake Musa al-Kadhim, naye kwa Jaafar as-Sadiq, na hivyo kupanda hadi kwa Sayyidna Husain na baba yake.

Najua kwamba wapo wanazuoni waliotilia shaka mojawapo ya viungo hivi, wakisema kwamba Hasan al-Basri hakupokea lolote moja kwa moja kutoka kwa Sayyidna Ali. Shaka hiyo ni ya zamani na inastahili heshima, wala haikuachwa bila jibu. Imamu Suyuti wa Misri aliandika risala nzima kuthibitisha kwamba wawili hao walikutana, na hoja yake inaeleweka hata na mtu asiye mwanazuoni: Hasan alizaliwa Madina mwaka 642, na Sayyidna Ali hakuondoka Madina mpaka mwaka 656, kwa hiyo kijana huyo alikuwa amefikisha takriban miaka 14 na alikuwa akiishi katika mji uleule. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, ili msomaji aone kwamba watu wa twarika hawakuificha silsila yao isichunguzwe. Wameipima kiungo kwa kiungo kwa karne nyingi.

Sheikh Abdulqadir mwenyewe alitoka Gilan, kusini ya Bahari ya Kaspi, akaingia Baghdad mwaka 1095 akiwa kijana, akasoma fikihi ya madhehebu ya Hanbali, kisha akarithi madrasa ya mwalimu wake al-Mukharrimi na kufundisha hapo mpaka alipofariki mwaka 1166. Baada yake wanawe, miongoni mwao Abdulrazzaq na Abdulaziz, pamoja na wanafunzi wao waliieneza njia hiyo. Na hapa ndipo matawi yanapoanzia. Sheikh humpa khalifa wake, yaani naibu wake, ijaza, ndiyo idhini, ya kupokea bai'a (kiapo cha utii) za watu wengine. Khalifa huyo huhamia mji mwingine, akawa na muridi wake na nyiradi (dua na dhikiri za kila siku) alizoziongeza, na baada ya vizazi viwili watu wanalitaja tawi kwa jina lake. Kinachotofautiana ni mpangilio wa uradi, namna ya kukaa au kusimama katika dhikiri, kupiga dufu au kutopiga. Sala ni ileile na Kurani ni ileile. Jilani alikuwa Mhanbali, na sisi tunaofuata njia yake huku Afrika ya Mashariki wengi wetu ni Mashafii, bila mtu yeyote kuona kasoro katika hilo. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wa twarika ya Shadhiliya: Sheikh Abulhasan ash-Shadhili alifariki katika jangwa la Misri mwaka 1258, na tawi lililoenea pwani yetu ni la Yashrutiya, la Sheikh Ali Nuruddin al-Yashruti, mzaliwa wa Bizerte nchini Tunisia aliyefariki Akka, Palestina, mwaka 1899. Lilienezwa na Sheikh Muhammad Maaruf wa Ngazija, aliyeishi kati ya mwaka 1853 na 1905. Msomaji mwenzangu anayeona mfarakano katika majina haya mengi anapaswa kuonyesha ni wapi mmoja wao alimkana mwingine kwa ajili ya tawi.

Sidai kwamba ugomvi haukuwahi kutokea. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847, akachukua ijaza Baghdad katika nyumba ya Jilani yenyewe na kuifikisha Qadiriya Unguja katika zama za Sayyid Barghash, aliuawa mwaka 1909 na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, kiongozi wa twarika ya Salihiya huko Somalia. Damu hiyo ilimwagika kweli, na ni aibu. Lakini sikubali kwamba msiba wa Somalia ndio kipimo cha mwenendo wa twarika zote, maana hapa kwetu watu wa matawi mbalimbali huswalishana, huzikana na huoana.

Sasa nifike kwenye lile linalonikera zaidi. Katika maulidi yetu majina ya Baghdad husomwa kwa sauti na kwa adabu kubwa, kisha msomaji akishavuka pwani ya Afrika huharakisha, akasema "na mashekhe wetu wengineo", akafunga kwa Fatiha. Hao "wengineo" ndio waliotufikishia sisi! Mmoja wa watu wakubwa waliobeba Qadiriya katika bara hili, Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, alikuwa mtoto wa Manyema, ndiyo Maniema yetu ya leo. Alichukuliwa utumwani akiwa mdogo, akafikishwa Bagamoyo na kuingia katika nyumba ya al-Lamki. Huko alisoma, akapata uhuru, akafungua chuo, akapewa ijaza, na tawi lake likawa miongoni mwa makubwa kabisa ya Qadiriya katika Tanganyika. Baada ya Waingereza kuushika mji alifanywa liwali wake, yaani mtawala wa mji kwa niaba ya serikali. Alifariki mwaka 1931, mwanawe Muhammad akaendelea na ukhalifa, na maulidi ya Bagamoyo yakawa yakikusanya watu kutoka mbali. Mtoto aliyetolewa katika ardhi ya Manyema kama mali ya mtu akawa sheikh ambaye waungwana wa pwani walimpa mkono wa bai'a. Vijana wetu wa Maniema na Kivu hawamjui, na tunapomruka tunampa nguvu yule anayedai kwamba dini yetu ni ya kuazima kwa Waarabu.

Njia iliyoileta twarika huku ilikuwa ya watu wanaovuka Ziwa Tanganyika kati ya Ujiji na upande wetu, watu wa biashara na wa dini kwa pamoja, miaka mingi baada ya Kasongo kuangushwa na majeshi ya Leopold mnamo 1893. Serikali ya Wabelgiji iliwatazama muridi kwa jicho la shaka na vyuo vya Kurani vilibanwa. Ndiyo maana wazee wetu wengi hawakuandika kitu. Ijaza ilitolewa kwa mdomo, usiku, mbele ya mashahidi wawili watatu.

Walioandika ni wachache. Mzee mmoja wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, alinifungulia ijaza ya marehemu baba yake: karatasi moja ndefu iliyokunjwa mara nne, imewekwa ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari, wino umegeuka rangi ya kahawia, na penye mikunjo herufi zimeshakatika. Majina ya juu, ya Baghdad, yanasomeka vizuri. Yaliyokatika ni ya chini, kati ya Ujiji na Kasongo, yaani yale ambayo hayapatikani katika kitabu chochote cha duka. Karatasi hiyo inalala chini ya godoro katika nyumba ya mbao, na kila mkazi wa Bukavu anajua jinsi nyumba za mbao za Kadutu zinavyoungua, mtaa mzima kwa saa moja.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mhariri, naomba kupitia gazeti lenu niwaombe makhalifa wa Qadiriya na wa Shadhiliya wa Bukavu, Uvira, Kasongo na Kabambare wafanye mambo mawili kabla ya maulidi ijayo. Kwanza, kila mwenye ijaza aipige picha kwa simu na kutoa fotokopi mbili, moja ibaki msikitini na nyingine ikae kwa familia iliyo katika mji mwingine. Pili, wenye ijaza ya mdomo wawaite vijana wanaojua kuandika, wawatajie jina la aliyewapa, mahali walipopokea, na jina la aliyempa yule aliyewapa, hata kama hawakumbuki mwaka. Tukiyapata majina hayo nitamwomba msomaji mwenzangu aje akae nasi siku ya kuyasoma, na mahali atakapoona kiungo hakishikamani aseme, nasi tutamjibu mbele ya watu.

Wenu katika Uislamu,
Muridi wa Qadiriya, Bukavu