Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Uppsala, Kemia na Mfuko Wetu wa Masomo

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama chetu cha wanakemia kwa mwaka unaomalizika. Nitapita haraka kwenye yale mnayoyafahamu, na nitakaa kidogo pale ambapo maneno yamekuwa mengi, yaani uamuzi wa kamati kuhusu nani asaidiwe na Mfuko wa Masomo.

Shughuli za kawaida zimekwenda. Kamati tendaji imekutana kila robo mwaka, semina zimefanyika, jarida limetoka ingawa kwa kuchelewa, na wanachama wapya wamepokewa. Asiyehudhuria amwombe Katibu muhtasari wa vikao.

Mhadhara wa mwaka nao ulifanyika. Mzungumzaji tuliyemwalika alitujulisha usiku wa kuamkia siku yenyewe kwamba amepata safari, hivyo ikanibidi niusimamie mwenyewe, na niliambiwa na waliokuwepo kwamba haukuwa mbaya. Mada ilikuwa mchango wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, katika kemia, chuo ambacho wengi wetu humu tumepitia au tumesimamiwa na watu waliopitia. Kwa faida ya wasiofika: chuo kilianzishwa 1477. Carl Wilhelm Scheele alikuwa mfanyakazi wa duka la dawa mjini humo alipoitenga oksijeni mwanzoni mwa miaka ya 1770, na Torbern Bergman, profesa wa kemia wa chuo, ndiye aliyemwandikia dibaji ya kitabu chake. Kitabu kilikwama kwa mpiga chapa hadi 1777, na wakati huo Priestley, mwanakemia wa Uingereza, alikwisha kutangaza oksijeni aliyoipata yeye mwenyewe. (Wanaoleta makala za jarida siku ya mwisho wanisikie hapo.) Svante Arrhenius alipata Tuzo ya Nobel ya kemia 1903, The Svedberg 1926 na Arne Tiselius 1948. Kai Siegbahn aliipata ya fizikia 1981, lakini mbinu yake ya kupima elektroni zinazong'olewa kwenye mata na eksirei inatumiwa na wanakemia dunia nzima kujua kilichopo juu ya uso wa mata.

Sasa nije kwenye suala lenyewe.

Mwaka huu kamati iliamua kwamba Mfuko wa Masomo utawasaidia wanafunzi wa uzamivu wa mtindo wa sandwichi peke yao. Mwanafunzi anabaki mtu wa maabara ya nyumbani, anakwenda nje miezi kadhaa kufanya vipimo visivyowezekana kwake, anarudi kuendelea na kazi, kisha anakwenda tena. Anayetaka kukaa nje miaka minne mfululizo tulimshauri atafute ufadhili kwingine. Tangu siku hiyo nimeitwa majina ambayo hayafai kuandikwa kwenye taarifa rasmi.

Napenda ieleweke kwamba utaratibu huu sikuuzua mimi. Uppsala ilianzisha programu yake ya kimataifa ya sayansi mwaka 1961 kwa fizikia, kemia ikaingia 1970 na hisabati 2002. Kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilitoka serikali ya Sweden kupitia shirika lake la maendeleo, Sida, programu hiyo ilichagua kushikana na kikundi cha utafiti kizima, tena kwa miaka mingi, badala ya kumnyakua mwanafunzi mmoja mwenye alama nzuri. Ililipia vitendanishi (kemikali za kufanyia kazi maabara), vipuri, matengenezo na safari za kwenda na kurudi. Imesaidia pia mitandao ya kikanda, ukiwemo NAPRECA, mtandao wa utafiti wa kemia ya mazao ya asili wa Afrika Mashariki na Kati ulioanza 1984. Wanakemia wa kanda hii waliotenga viambato vya miti ya dawa kwenye maabara zao wenyewe na kupeleka sampuli nje kwa vipimo tu wanajua ninachokisema.

Wapinzani wa uamuzi wana hoja mbili, na nimezisikia zote, nyingine saa sita usiku kwenye kundi letu la simu.

Hoja ya kwanza ni kwamba sandwichi inachelewesha. Mwanafunzi anarudi nyumbani, vitendanishi vimekwama forodhani, pampu ya ombwe imekufa, muda unakatika. Ni kweli vitendanishi vinakwama. Lakini pampu hiyo itatengenezwa na nani kama kila anayejua kuifungua amehama? Chukueni mfano wa mashine ya NMR, ile inayotumia sumaku kali kuonyesha muundo wa molekuli. Koili ya sumaku yake inakaa ndani ya heliamu ya kimiminika kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, na heliamu hiyo inazungukwa na naitrojeni ya kimiminika kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni inapungua kila siku, na kwa mashine nyingi lazima ijazwe kila wiki au zaidi kidogo. Heliamu ikishuka kupita kiasi, koili inapoteza uwezo wa kupitisha umeme bila ukinzani, inapata joto, na heliamu yote inachemka na kutoka kwa mvumo. Sumaku imezimika hapo, na gharama ya kuirudisha hailipiki kwa ada zetu. Mwenzetu mmoja alirudi na shahada safi ya nje, ametumia NMR miaka minne, wala hajawahi kushika mpira wa kujazia naitrojeni, kwa sababu kule kazi hiyo ina fundi wake. Mwanafunzi wetu wa sandwichi alijifunza kujaza wiki ya kwanza, akiwa na glavu nene na miwani, akiangalia mvuke mweupe ukitambaa sakafuni. Leo ndiye anayefundisha wengine. Sihitaji kueleza zaidi.

Hoja ya pili iliyotolewa kwa sauti kubwa ni kwamba wakubwa wa sayansi walikwenda nje moja kwa moja, na Arrhenius akatajwa. Ningewaomba waliomtaja wamsome. Tasnifu yake ya 1884 kuhusu upitishaji wa umeme katika miyeyusho ilipewa alama ya chini na Uppsala. Mwaka huohuo mwanakemia Wilhelm Ostwald akafunga safari kutoka Riga kwenda kumwona, na Uppsala ikampa nafasi ya kufundisha. Baadaye, kwa fedha za safari, Arrhenius alizunguka kwenye maabara za wanasayansi wa nje: kwa Ostwald, kwa Kohlrausch Würzburg, kwa Boltzmann Graz na kwa van 't Hoff Amsterdam. Nadharia yake ya ayoni, yaani chembe zenye chaji zinazopitisha umeme ndani ya miyeyusho, ilichapishwa kikamilifu 1887 akiwa katika safari hizo, kisha akarudi Sweden akafanya kazi Stockholm hadi mwisho wa maisha yake. Svedberg naye alikaa miezi kadhaa Wisconsin mwaka 1923, akarudi Uppsala kujenga sentrifuji yake ya kasi kubwa, mashine inayozungusha sampuli ili kutenganisha chembe zake. Wote wawili walikwenda, wakachukua walichokifuata, wakarudi.

Wengi wanaolalamika hawakuwepo kikaoni. Taarifa ya kikao ilitolewa wiki 3 kabla, ajenda ikiwa imeambatishwa, na akidi ilitimia kwa taabu baada ya kusubiri saa nzima. Haiwezekani mtu asihudhurie, asitume udhuru, kisha ahoji uhalali wa uamuzi. Chama hakiendeshwi kwenye simu.

Nije kwenye ada, jambo ambalo halinifurahishi. Chini ya nusu ya wanachama wamelipa ada ya mwaka huu, na wapo wenye madeni ya miaka 3. Mfuko wa Masomo hauna chanzo kingine. Inashangaza kwamba baadhi ya wenye maneno makali kuhusu matumizi ya mfuko hawajawahi kuuchangia. Kamati imekuwa na subira, lakini katiba inaruhusu jina la mdaiwa kuondolewa kwenye orodha ya wapiga kura.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuimarisha ushirikiano na vyuo vya nje, kutafuta wafadhili zaidi, kuandaa mafunzo ya matengenezo ya vifaa, na hali ikiruhusu kuwa na warsha ya kikanda. Mazungumzo ya awali yameanza.

Wapo wanaoniuliza kama nitagombea tena. Nitajibu wakati wa uchaguzi ukifika.

Hesabu zitasomwa na Mweka Hazina. Wenye risiti za safari ambazo hazijarejeshwa wazilete kwake kabla ya mapumziko ya chai, maana mkaguzi ataondoka saa nane.

Mwenyekiti