Madaftari yaondolewe kwenye fomu za kujiunga na awali

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wazazi, kamati za shule na walimu wakuu wenye madarasa ya awali, hasa sasa ambapo fomu za kujiunga za Januari zinachapwa. Fomu ya mtoto wa miaka 3 au 4 siku hizi haina tofauti na ya darasa la tano: madaftari makubwa 8, penseli dazeni moja, ufutio, rimu ya karatasi. Ombi letu ni kwamba madaftari na penseli viondolewe kwenye orodha hiyo, walau kwa muhula wa kwanza, na badala yake viandikwe vitu ambavyo mtoto atavishika, atavimimina, atavihesabu na kuvirudisha mahali pake.

Sababu ya kwanza iko kwenye mkono wenyewe. Kifundo cha mkono cha mtu mzima kina mifupa midogo 8. Kwa mtoto wa miaka 3, mingi kati ya hiyo bado ni gegedu, na wa mwisho huanza kuwa mfupa akiwa tayari yuko shule ya msingi. Mtoto huyo ukimpa penseli anaishika kwa ngumi, anaikandamiza mpaka karatasi inatoboka, na baada ya mistari miwili mkono umechoka. Hapo anaambiwa mvivu. Mshiko huo ukishazoeleka, kuuondoa akiwa darasa la pili ni kazi ngumu kwa mwalimu na mateso kwa mtoto. Kabla ya penseli inabidi vikomae vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati, na hivyo hukomazwa na kazi za mikono.

Chukueni kazi ya kumimina. Inahitaji sinia dogo ambalo mtoto anaweza kulibeba mwenyewe, vikombe viwili vya bati vinavyolingana, vyenye masikio, na choroko robo tatu ya kikombe kimoja. Mwalimu anakaa kando ya mtoto na kuonyesha mara moja, polepole, akiwa kimya, kwa sababu mtoto wa umri huu akisikiliza maneno hautazami mkono. Anashika sikio, anasogeza mdomo wa kikombe juu ya kile kitupu bila kukigusa, anamimina mpaka punje ya mwisho, anatua kidogo, kisha anarudisha choroko zilikotoka. Mwishoni anazitazama punje zilizomwagika kwenye sinia na kuziokota moja moja kwa ncha za vidole. Kuokota huko ndiko hasa kunakoandaa mshiko wa penseli.

Kisha mtoto anaachiwa. Anaweza kurudia mara 15 au 20, na mtu mzima akipita anadhani muda unapotea. Asikatizwe, hata kwa "hongera". Punje zikimwagika, sinia limeshamwambia kwamba mkono ulitetereka, naye atajirekebisha. Mwalimu akiingilia, mtoto anaacha kuitazama choroko na kuanza kumtazama mwalimu. Choroko akiimudu anahamia mchele, ambao ni mwembamba na mgumu kuokota, kisha maji pamoja na kitambaa cha kufutia. Kwenye maji, chora mstari kwa rangi ya kucha katikati ya kikombe ili ajue pa kuishia. Kazi hii huharibika kwa sababu ndogo tu: kikombe kilichojazwa hadi ukingoni, vikombe vya plastiki vyepesi vinavyopinduka, au jagi la lita 2 ambalo mkono wa mtoto hauwezi kulihimili.

Kwenye hesabu, watoto wetu wanaimba moja mpaka mia kwa sauti nzuri, lakini ukimwambia mmoja akuletee vijiti 7 anakuletea konzi nzima bila kuhesabu. Tiba yake ni maboksi mawili ya viatu yaliyogawanywa vyumba vitano vitano kwa kadibodi, vikaandikwa 0 hadi 9, na vijiti 45 vya unene wa penseli vilivyopigwa msasa. Ni 45 kwa kuwa ukijumlisha 1 hadi 9 ndiyo jumla yake. Mtoto anahesabu na kuweka. Akifika chumba cha 9 akakuta vijiti vimepungua au vimebaki, anajua mwenyewe kuna chumba alichokosea, anaanza upya bila mtu kumnyooshea kidole. Chumba cha sifuri kinabaki kitupu, na hapo ndipo anapoielewa sifuri. Kijiti kimoja kikipotea kazi nzima inamdanganya mtoto, kwa hiyo mwalimu lazima avihesabu kila siku kabla ya kufunga darasa.

Kusoma ndiko wazazi wanakokuwa na haraka zaidi, na Kiswahili kimeturahisishia sana kwa kuwa kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Kata herufi kwenye msasa wa namba 120 au 150 (wa namba 60 unachubua kidole), uzibandike kwenye kadi ngumu, irabu kwenye kadi za buluu na konsonanti kwenye kadi za waridi. Mtoto anapitisha kidole cha shahada na cha kati juu ya herufi kwa mwelekeo ule ule wa kuandika, huku akitoa sauti yake: "mmm", si "em" wala "ma". Sauti kama ch, sh, ny, dh na ng' zikae kila moja kwenye kadi yake, maana kwa sikio la mtoto ni sauti moja. Anza na m, a na i. Kwa herufi hizo tatu tu mtoto anaunda mama, mimi na mia. Somo lina hatua tatu: "Hii ni mmm." "Nionyeshe mmm." "Hii ni nini?" Akishindwa hatua ya tatu asiambiwe amekosea, anarudishwa ya kwanza siku nyingine.

Hapa tunatoa tahadhari, maana vifaa vya kienyeji havipo salama kwa kuwa tu ni vya kienyeji. Kitu chochote kinachopita kwenye bomba la kadibodi lililomo ndani ya karatasi ya choo kisiwe mikononi mwa mtoto wa chini ya miaka 3, kitamkaba. Wa umri huo wamimine maji tu. Mbegu za turituri, zile nyekundu zenye jicho jeusi, na mbegu za mbarika ni sumu kali, zisiingie darasani hata kwa mapambo. Maharage mekundu mabichi nayo yana sumu yakitafunwa, ndiyo maana tumetaja choroko.

Walimu watauliza: darasa la watoto 50 je? Swali ni la haki. Gawa makundi ya watoto 12 au 13. Kundi moja liwe ndani na mwalimu, mengine yawe nje na msaidizi kwenye mchanga, maji na bustani, yakipokezana. Kundi la watoto 12 linahitaji kazi kama 18 kwenye rafu, kila moja kwenye sinia lake, ili hata wa mwisho kufika apate cha kuchagua. Lakini kosa kubwa tunaloliona ni kuzipanga zote 18 siku ya kwanza. Kabla ya uji choroko imeshaingia kwenye mchele na nusu ya vijiti iko uani. Anzeni na kazi nne, ongezeni moja kila baada ya siku mbili au tatu. Mtoto achague mwenyewe, ila kati ya zile alizokwisha kuonyeshwa, aifanyie kwenye mkeka wake, na airudishe kwenye rafu kabla ya kuchukua nyingine. Pasipo sharti hilo la kurudisha, uhuru wa kuchagua unageuka fujo.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya shule za matajiri. Daktari Maria Montessori aliyeyaanzisha alifungua "Nyumba ya Watoto" yake ya kwanza, yaani shule ya watoto wadogo, mwaka 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa watoto wa vibarua. Na hapa pwani, mpango wa madrasa za watoto wadogo ulioanzia Mombasa miaka ya 1980, ukafika Zanzibar na Uganda, umejengwa juu ya vifaa vinavyotengenezwa na walimu na wazazi wenyewe.

Shule zinazofanya usaili nazo tunaziomba ziache kumwambia mtoto wa miaka 4 aandike jina lake. Mwambieni akuletee vijiti 6, afungue vifungo vya shati, amimine maji bila kumwaga. Wazazi wanadai madaftari kwa sababu wanauogopa usaili huo.

Orodha ya Januari kwa kila mtoto inaweza kuwa hivi: vikombe viwili vya bati, choroko nusu kilo, kitambaa cha kufutia, mkeka mdogo wa sentimita 70 kwa 100, boksi la viatu na karatasi moja ya msasa. Penseli iletwe shule zikifunguliwa Julai, moja tu.

Walimu wa awali,
Tanga