Ile si taka, ni sukari inaoza

Mhariri,

Mimi nauza maembe Kongowea na msimu huu harufu imenishinda, manake ikifika saa tisa mchana embe zilizopondeka zishajaa mtaroni, nzi ndio usiseme, halafu lori likija (likija!) zinazolewa pamoja na kila uchafu zikatupwe jaani. Watu wanasema ah, taka tu hizo. Taka gani bana, ile ni sukari.

Hebu angalieni mnazi. Mgema akishuka asubuhi ni mtamu, jioni ushakuwa mkali, uuache siku kadhaa ushageuka siki. Kwanza hamira inakula sukari inatoa pombe, halafu bakteria wanaikamata ile pombe wanaigeuza asidi, na hao bila hewa hawafanyi kazi, ndio maana marehemu mamangu alikuwa akifunika mtungi kwa kitambaa, sio kifuniko. Na kemia hakuisoma popote.

Wazungu mambo hayo hayo waliyatia kiwandani. Vita vya kwanza vya dunia Uingereza ilikuwa na shida ya asetoni ya kutengenezea baruti, mwanakemia mmoja, Chaim Weizmann wa pale chuo kikuu cha Manchester, akawa na bakteria wake wanaokula wanga wa mahindi wanatoa asetoni, na 1917 nafaka ilipokuwa adimu watoto wa shule wakatumwa kuokota mbegu za miti zisizolika na mtu zikachachuliwe badala yake. Asetoni yenyewe ni ile dada zetu wanafutia rangi ya kucha. Siku hizi bakteria wa jamii ya wale wa maziwa lala wanatoa asidi inayotengenezewa plastiki, plastiki kabisa, bila mafuta ya petroli.

Sasa sisemi tuanze na makumbi ya nazi, yale ni magumu, hata wasokota kamba wanayafukia pwani miezi na miezi mpaka yalainike. Embe na ndizi ndio rahisi. Sokoni kuwekwe mapipa ya matunda peke yake, yasichanganywe na makaratasi na nyavu za vitunguu, na wale vijana wa chuo hapo Tudor waje na mitungi yao tuanze hata na siki tu. Siki ya kachumbari tunanunua dukani kwa chupa, na mimi jana nimemwaga ndoo tatu za embe.

Muuza maembe,
Kongowea, Mombasa