Risala ya Kwaya ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sanaa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha katika Siku ya Sanaa, ambayo mwaka huu kwaya yetu inamuenzi mwimbaji Miriam Makeba wa Afrika Kusini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, akitajwa Makeba, wengi hukumbuka wimbo wa "Pata Pata", uliovuma Marekani mwaka 1967. Tunaupenda, na leo tutaucheza. Lakini ulipovuma, mama huyu alikwisha kuzungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963 kupinga ubaguzi wa rangi, nyimbo zake zikapigwa marufuku kwao, na mwaka 1966 alikwisha kutunukiwa tuzo ya muziki ya Grammy pamoja na mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte kwa albamu waliyoimba wawili. Humo ndani wameimba "Malaika", na tulipowasikia kwa mara ya kwanza wakitamka Kiswahili chetu, mazoezi yalisimama kwa muda.

Baadaye alishiriki ziara ya muziki ya Graceland ya mwimbaji wa Marekani Paul Simon mwaka 1987, na mwaka 1991 akatoa albamu ya Eyes on Tomorrow akiwa na wanamuziki Dizzy Gillespie, Nina Simone na Hugh Masekela.

Wimbo uliotutoa jasho ni "Qongqothwane" wa Kixhosa, lugha yake ya Afrika Kusini. Kila penye herufi q, ncha ya ulimi hubandikwa kwenye kaakaa, kisha hushushwa ghafla ili itoke sauti ya mlio, na papo hapo irabu ifuate bila kukata pumzi. Tumejifunza kwa wiki tatu chini ya mwembe, na hapo ndipo tulipoielewa kazi ya mwanamke aliyeimba hivyo jukwaani kwa miongo mingi, mbele ya watu wasioijua lugha yake.

Novemba 2008, akiwa na umri wa miaka 76, aliimba nchini Italia katika tamasha la kumuunga mkono mwandishi Roberto Saviano, aliyekuwa akitishiwa na wahalifu wa Camorra, mtandao wa magenge ya huko Italia. Aliimba "Pata Pata", akaanguka, na hakuamka tena.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kinanda chetu ni kimoja, na baadhi ya vibonye vyake havitoi sauti. Tunakuomba utusaidie kupata kingine, pamoja na vipaza sauti viwili. Kwa ruhusa yako, sasa tutaanza na "Qongqothwane".

Ahsante.

Ni sisi wanakwaya.