Ami alisema "mtangani", ukumbi ukacheka

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo lililonikaa kooni tangu kongamano la Kiswahili nililohudhuria hapa Mombasa miezi michache iliyopita.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Likoni, na nasomea shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu maneno ya uundaji wa majahazi, na karibu yote niliyoyaandika nimefunzwa na ami yangu, fundi wa miaka 71. Mkuku, taruma, foromali: kila neno alinitajia huku mkono wake uko juu ya kitu chenyewe. Makala yangu ilipokubaliwa, niliwaandikia waandalizi kwamba ningekuja naye aeleze mwenyewe habari za kalafati, yaani kushindilia pamba baina ya mbao ili maji yasipenye. Wakaridhia.

Siku hiyo tulivuka feri mapema. Ami alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito, na mfukoni alitia pamba na vipande viwili vya ubao ili watu waone kwa macho. Mlangoni mimi nilipewa beji yenye jina langu. Yake haikuwepo, akaambiwa wageni hukaa nyuma. Nilinyamaza, nikaona ni jambo dogo. Najuta.

Zamu yake ilipofika alishika maikrofoni kwa mikono miwili, akaanza: "Chombo hupandishwa mtangani maji yakijaa..." Msomi mmoja wa safu ya mbele akamkata: "Mchangani, mzee. Si mtangani." Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti wa kikao naye akatabasamu, akatazama saa. Ami alikaa kimya kidogo, akasema "Ahsanteni," akaikunja ile pamba akairudisha mfukoni. Mbao hakuzitoa kabisa. Kwenye feri akaniuliza, "Kwani nimesema nini, mwanangu?"

Alisema Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, Mhariri. Sisi husema mtanga kwa mchanga, kama tusemavyo mtele kwa mchele, mato kwa macho na kuteka kwa kucheka. Ni katika mji huu huu, mwaka 1928, mkutano ulipochagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa. Sina ugomvi na usanifu; ndio ninaoufundisha na kuusahihisha kila siku. Lakini mshairi Muyaka bin Haji alitunga kwa lahaja hii, na wasomi hunukuu beti zake kwa heshima kubwa. Mbona mzee aliye hai akiitamka achekwe? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za Wakenya. Kongamano la lugha lingekuwa la kwanza kulijua hilo.

Lawama yangu kubwa ni kwa mwenyekiti kuliko kwa aliyekatiza. Mwenye kikao ndiye mwenye maikrofoni. "Tumwache mzee amalize" ni maneno matatu tu, na yangetosha. Mikutano mingi ya kitaaluma siku hizi huandika kanuni za mwenendo, ikamtaja na mtu wa kupelekewa malalamiko. Katika makabrasha tuliyopewa sikuona hata mstari mmoja wa namna hiyo. Sikujua niende kwa nani, nikaenda nyumbani.

Na si ami peke yake. Mwenzetu mmoja wa kiti cha magurudumu alibebwa na vijana wawili kupanda ngazi, mbele ya watu wote, ilhali Kifungu cha 54 cha Katiba hiyo kinampa haki ya kuheshimiwa utu wake na kuweza kufika mahali pote kwa njia ifaayo. Ukumbi wa chini ulikuwa mtupu.

Waandalizi wa makongamano yajayo nawaomba haya: anayealikwa kutoa ujuzi wake apewe beji na kiti cha mbele kama profesa, jina lake liandikwe kwenye ratiba, asipigwe picha kabla ya kuombwa ruhusa, na mwenyekiti aelezwe mapema kwamba kumlinda msemaji ni kazi yake.

Daftari langu lina maneno 63. Tangu siku ile halijaongezeka hata moja. Nikimwuliza ami jina la kitu, hunijibu, "Kawaulize wale wa kule." Mwenyekiti wa kikao kile, ukiisoma barua hii, nakuomba uvuke feri uje Likoni uzungumze naye. Baada ya Alasiri hupatikana pale ufuoni, kwenye chombo anachokitia kalafati.

Mwalimu wa Kiswahili,
Likoni, Mombasa