Kupima spini ya protoni sio kuchoma hela

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kuna msomaji aliandika humu eti wanasayansi wa Ulaya na Marekani wanachoma hela kugonganisha chembe na hata hawajui wanatafuta nini. Mimi nafundisha fizikia hapa Tabora na nasema hapana, wanajua kabisa wanachotafuta, mfano mmoja ni spini ya protoni, tena hata mtoto wa form two anaelewa akipata mtu wa kumwelekeza.

Protoni, ile chembe ya chaji chanya kwenye kiini cha atomu, ina spini, yaani kama mzunguko wa kuzaliwa nao usiokoma, na kwa sababu hiyo ina usumaku wake mdogo. Zamani watu waliamini spini yote inatokana na kwaki tatu, chembe ndogo zaidi zilizomo ndani yake, mambo kwisha. Mwaka 1988 kundi la watafiti la EMC pale CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, waliokuwa wanarusha muoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi) kwenye protoni, wakatoa majibu kwamba kwaki zinachangia sehemu ndogo sana, watu wakachanganyikiwa kweli. Leo vipimo vinaonyesha kama asilimia 30, inayobaki ni ya gluoni, chembe zinazoshikilia kwaki pamoja, na mizunguko ya chembe zenyewe humo ndani, na mgawanyo wake ndo bado unapimwa.

Sasa wanapimaje? Unachukua amonia iliyoganda, unaipoza mpaka kama nyuzi 1 tu juu ya sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho kabisa, unaiweka kwenye sumaku kali ya tesla 5 na kuipiga maikroweve mpaka protoni nyingi zielekee upande mmoja. Halafu unairushia elektroni ambazo spini zake nazo zimepangwa, unahesabu zilizotawanyika, unageuza spini za elektroni, unahesabu tena. Tofauti gawanya kwa jumla, basi, hapo ndo unapata kujua spini za kwaki zimeelekea wapi. Na kugeuza kwenyewe ni mara nyingi kila sekunde, ili mtambo ukiyumba kidogo uyumbe kwa pande zote mbili sawa.

Kazi iko kwenye kuhesabu. Tuseme upande mmoja umepata 10,100 na mwingine 9,900, tofauti ni asilimia 1, ila bahati nasibu peke yake inaweza kukupa asilimia 0.7, kwa hiyo hapo hujapata kitu. Ukifikisha jumla milioni 2 bahati nasibu inashuka mpaka 0.07, hapo sasa unaweza kuongea. Ndo maana majaribio haya yanakula muda na hela, sio uzembe.

Na huyo ndugu yetu akiandikiwa MRI hospitali, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, ajue picha ile inatokana na spini za protoni za maji na mafuta mwilini mwake. Mwanafizikia Isidor Rabi alipata Nobel ya 1944 kwa njia yake ya kupima usumaku wa viini vya atomu, wala hakuwa anatafuta mashine ya hospitali.

Mhariri, ukurasa wenu wa sayansi naupenda lakini umejaa simu mpya tu. Tuchapieni hesabu kama hizi, vijana wangu wa kidato cha nne wazifanye kwa kurusha sarafu darasani, majibu nitawatumia.

Mwalimu wa fizikia,
Tabora